Siku 70 Ambazo Sikuzielewa

Mwanangu alizaliwa Julai 2021, mwaka uleule ambao Nakuru yetu ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Mimba ilikuwa na wiki 30, na mizani ilionyesha gramu 1,240, yaani kilo na robo tu, kama sukari ya kupimiwa dukani. Nilikuwa nimefika hospitalini siku mbili kabla kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa na vimulimuli nilivyokuwa nikiviona nikifumba macho, na shinikizo la damu lilipopimwa hakuna aliyenirudisha nyumbani. Nilidungwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kisha ya magnesiamu ya kunikinga na kifafa cha mimba, ambayo baadaye nilielezwa kwamba humsaidia pia mtoto kwa kuukinga ubongo wake.

Tulikaa katika wadi ya watoto wachanga siku 38. Watu wanaotaka kusikia habari zetu huniuliza kuhusu siku hizo, na sina budi kuzigusa, ingawa jambo lililonifanya niandike lilitokea baadaye, wakati ambapo kila mtu, nikiwamo mimi, aliamini kwamba safari imekwisha.

Siku tano za kwanza alipungua hadi gramu 1,130. Nililia, nikidhani kwamba namuua kwa uhaba wa maziwa, hadi muuguzi mmoja aliponieleza kwamba karibu watoto wote hupungua baada ya kuzaliwa, na kwamba waliozaliwa mapema huchukua takribani wiki mbili kuurudia uzani wao wa mwanzo. Nilikamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na yakapitishwa katika mrija mwembamba ulioingia puani mwake hadi tumboni, kwa kuwa mtoto wa umri huo hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja. Uwezo huo huanza kujengeka karibu na wiki ya 32 hadi ya 34, na hauharakishwi na machozi ya mama. Tulipovuka hapo tulianza kumnywesha kwa kikombe kidogo, akilamba kama paka.

Alipotulia kidogo nilifundishwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi na kofia pekee, tukafungwa pamoja kwa leso. Njia hiyo, inayoitwa ya kangaruu, ilianzishwa na daktari Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wakati inkubeta zilipokuwa hazitoshi, na kwa muda mrefu wengi wameichukulia kuwa tiba ya waliokosa mashine. Sivyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mara tu mtoto anapozaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, hata pale penye inkubeta. Mimi naongeza ushahidi wangu mdogo: baridi ya Nakuru ya mwezi wa Julai haikupata njia ya kumfikia akiwa pale.

Usiku wa tisa nikiwa nimembeba hivyo, nilihisi kimya. Nilikuwa nimezoea kifua chake kuniparaza kwa pumzi za haraka, kisha zikakoma. Midomo yake ilianza kuwa na rangi ya majivu. Niliita, na muuguzi aliyekuwa zamu hakukimbia wala hakupaza sauti. Aliingiza mkono ndani ya leso, akaupiga wayo wake kwa ncha ya kidole mara mbili, naye akashtuka na kuvuta pumzi. "Amesahau tu, mama," aliniambia. "Ubongo wake bado unajifunza kukumbuka. Ukihisi kimya, mguse wayo." Alikuwa tayari anapewa dawa ya kafeini kwa sababu hiyohiyo. Tangu usiku ule nililala nikiwa nimeshika wayo wake kwa vidole viwili, na sentensi ile ya muuguzi, kwamba ubongo bado unajifunza, ndiyo ambayo ningepaswa kuondoka nayo hospitalini na kuiweka mbele ya kila kitu. Badala yake niliondoka na namba: gramu 1,810.

Wadi ile hutufundisha kuabudu mizani. Kila asubuhi mama wote husubiri gramu za siku, aliyepata 30 hutabasamu, aliyepoteza 10 hugeukia ukutani. Ni haki yetu, maana bila uzani mtoto haruhusiwi kwenda nyumbani. Hata hivyo, tabia hiyo hutufuata hadi nyumbani, nasi huendelea kumsoma mtoto kwa unene wake. Mwanangu alinenepa. Kufikia umri wa miezi sita mashavu yalikuwa yamejaa, mapaja yamejikunja, na majirani wa mtaa wetu wa Section 58 waliomwona alipotoka hospitalini walishindwa kuamini kwamba ni yeye. Kila nilipompeleka chanjo alipimwa uzani, nukta ikawekwa kwenye mchoro wa kijitabu chetu cha kliniki, nikaambiwa anaendelea vizuri. Katika kliniki ile ya mtaa hakuna hata mara moja aliyeniuliza mikono yake inafanya nini.

Nilikuwa nimefundishwa hesabu moja kabla ya kutoka, na nieleze kwa makini kwa sababu ndiyo iliyonisaidia na ndiyo pia iliyonipotosha. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 amekuja wiki 10 mapema, ambazo ni siku 70. Chanjo zake hufuata siku aliyozaliwa, bila kupunguza kitu. Lakini tunapotazama ukuaji wake, kukaza shingo, kukaa, kutambaa, kutamka, tunapaswa kuziondoa wiki hizo 10 na kumpima kwa umri uliobaki, unaoitwa umri uliosahihishwa, na desturi ni kufanya hivyo hadi atimize miaka miwili. Kwa hiyo mtoto wa miezi tisa kwa kalenda, aliyezaliwa mapema kama wangu, hutazamwa kama mtoto anayekaribia miezi saba. Hesabu hii ni ya haki. Inamwokoa mama asikae akilinganisha mtoto wake na wa jirani waliozaliwa mwezi mmoja.

Hesabu hiyohiyo ilinionyesha jambo lingine ambalo bado linaniuma. Sheria ya ajira ya Kenya inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na siku niliyorudi darasani mwanangu alikuwa na siku 90 kwa kalenda. Toa 70. Nilimwachia yaya mtoto wa siku 20. Karibu nusu ya likizo yangu ilikuwa imeliwa na wadi, na sehemu iliyobaki ilikwisha kabla mtoto hajatimiza umri ambao mwenzake aliyezaliwa kwa wakati huanza kumtabasamia mama yake.

Tulipewa miadi ya kurudi katika kliniki ya ufuatiliaji wa watoto waliotoka wadi ile. Miadi ya kwanza tulikwenda, macho yakapimwa kwa sababu mishipa ya nyuma ya jicho la mtoto aliyezaliwa mapema inaweza kukua ovyo, hasa akiwa ametumia oksijeni, nayo yakawa salama. Masikio pia yalipimwa, maana manjano kali na baadhi ya dawa za viini zinaweza kuyadhuru. Tukapewa matone ya madini ya chuma, kwa kuwa akiba ya chuma mtoto huipata zaidi katika wiki za mwisho za mimba, ambazo wangu hakuzipata. Miadi iliyofuata ilikuwa Januari 2022, na iliangukia juma lile ambalo shule zilifunguliwa. Sikwenda. Nilijiambia kwamba mtoto ni mnene, anacheka, ananyonya, na kwamba foleni ile inawafaa zaidi wenye watoto wagonjwa. Tarehe ilibaki kijitabuni imeandikwa kwa wino wa buluu, nikaacha kuitazama.

Karibu na wakati huo alianza kushika vitu, na akavishika kwa mkono wa kushoto. Kijiko, kipaza sauti cha redio, ukosi wa blauzi yangu, vyote kushoto. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Kakamega alifurahi mno. Alisema kwamba marehemu baba mkwe alikuwa mashoto, na kwamba jina alilorithi mtoto limefanya kazi yake. Nami nilifurahi, familia iliyokuwa imemwogopa mtoto huyu kwa udogo wake sasa ilikuwa imepata kitu cha kumdai kuwa ni wao. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Niliuona kila nilipomwogesha. Nililazimika kukifungua kiganja kwa kidole changu ili nitoe uchafu wa nyuzi za blanketi uliojikusanya humo, na hata hilo halikuniamsha. Nilisema: huyu amechelewa wiki 10, mkono utafunguka kwa wakati wake.

Hapo ndipo hesabu iliponipotosha, au niseme kwa usahihi, hapo ndipo nilipoitumia kwa kazi isiyo yake. Kuzaliwa mapema huchelewesha mikono yote miwili. Umri uliosahihishwa unaweza kueleza kwa nini mtoto wa miezi minane hajakaa, lakini hauwezi kueleza kwa nini mkono mmoja unafanya kazi na mwenzake umelala. Upande mmoja ukibaki nyuma ya mwingine, hapo hakuna wiki za kutoa. Laiti mtu angeniandikia hilo kwenye jalada la kijitabu.

Aliyeniamsha hakuwa daktari. Tulikuwa mama sita katika chumba cha kangaruu, na mmoja wetu, ambaye binti yake alizaliwa na gramu 990, huuza viazi katika soko la Wakulima. Mei 2022 nilipita kwenye meza yake nikiwa nimembeba mwanangu, ambaye sasa alikuwa na miezi 10. Tulipokuwa tunazungumza alimpa ndizi, akaishika kwa kushoto. Kisha akatoa biskuti na kuisogeza upande wa kulia. Mwanangu aliitazama biskuti, akaitazama ndizi, akaiachilia ndizi ianguke chini, akaupeleka mkono wa kushoto ng'ambo ya kifua chake na kuichukua biskuti. Mkono wa kulia haukusogea. Mwenzangu hakucheka. Alimpa kitu kingine upande uleule, akaona yaleyale.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, ingawa yeye ni mtu wa kuita wateja kwa sauti kubwa, "mkono huu hautumii?"

Nilimweleza habari za babu mashoto. Akaniambia kwamba katika kliniki ya ufuatiliaji, ambayo yeye hakuikosa hata mara moja licha ya kwamba siku ya kliniki ni siku ya kupoteza mauzo, waliambiwa waziwazi: mtoto hachagui mkono kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Akichagua mapema, tazameni mkono aliouacha, si ule alioupenda. Alishika mkono wa mwanangu na kukikunjua kile kidole gumba. "Nenda kesho, dada. Usingoje tarehe."

Nilikwenda. Daktari alimlaza, akakunja na kukunjua viungo vyake pole pole, akapima mzunguko wa kichwa, akamsimamisha na kunionyesha kwamba kisigino cha kulia hakigusi meza. Alisema ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja, wa kiwango kidogo. Neno hilo nilikuwa nimelisikia likitumiwa kwa watoto waliofichwa vyumbani, na nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya watu. Akanieleza kwamba mtoto anapozaliwa kabla ya wiki ya 32 hivi, ndani kabisa ya ubongo kuna mishipa ya damu iliyo laini mno, ambayo inaweza kupasuka katika siku chache za mwanzo bila mtu yeyote kukosea. Damu ikimwagika karibu na njia zinazopeleka amri kwenye mkono na mguu, njia hizo huumia. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, na jeraha lake lilikuwa limetokea kushoto. Huenda lilikuwa limetokea kabla sijajifunza hata kumbeba.

Nilimuuliza kama kukosa kwangu Januari ndiko kulikosababisha. Nashukuru kwamba hakunidanganya kwa kunihurumia. Alisema kwamba jeraha lilikuwako tangu mwanzo na kuja kwangu kusingelifuta, ila miezi minne ya mazoezi imepotea, na katika umri ule, ambapo ubongo unatafuta njia mpya za kupitisha amri zilizozibwa, miezi minne si kitu kidogo. Niliibeba sentensi hiyo hadi nyumbani, na ninayo hata leo.

Tulianza mazoezi juma lilelile. Mtaalamu wa viungo alinifundisha kumvisha soksi mkono wa kushoto, ule mzima, kwa muda mfupi kila siku wakati wa mchezo, ili wa kulia ulazimike kujitokeza, na akanionya nisizidishe muda kwa kuwa mkono mzima nao bado unajifunza. Siku za kwanza zilikuwa za kilio. Alikuwa akiing'ata soksi ili aivue, akinitazama kama mtu aliyesalitiwa. Nilichemsha viazi, nikavikata vipande vyenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, nikaviweka kwenye sinia upande wa kulia. Alivisukuma kwa ngumi. Alivipiga. Aliinama akavifuata kwa mdomo. Juma la sita, Jumamosi asubuhi, kidole gumba kilitoka nje ya ngumi, vidole vikajifungua vikitetemeka, vikakiangukia kiazi na kukiponda, na kilichosalia kati ya vidole akakipeleka hadi shavuni, kisha puani, kisha mdomoni. Yaya alipiga kigelegele. Mimi nilikaa sakafuni nikashindwa kusema.

Alitembea akiwa na miezi 19 kwa kalenda, akivaa kifaa cha kukaza kifundo cha mguu. Sasa ana miaka 4 na yuko PP1, darasa la kwanza la chekechea. Hukimbia, na jioni akichoka huvuta kidogo mguu wa kulia. Huchora kwa kushoto na kuikandamiza karatasi kwa kulia, na vifungo vya shati hutumia muda ambao asubuhi za shule hazina. Nimejifunza kumwamsha dakika 20 mapema badala ya kumfungia.

Wengi wa watoto waliotoka katika wadi kama ile hukua bila ulemavu mkubwa, na binti wa mwenzangu wa sokoni, aliyekuwa mdogo kuliko wote chumbani, ni mmoja wao. Kadiri mtoto anavyozaliwa mapema zaidi ndivyo hatari inavyozidi, lakini gramu za siku ya kwanza hazimwambii mtu yeyote ni mtoto yupi atakayeathirika. Ndiyo maana huitwa wote kwenye kliniki ya ufuatiliaji. Na yapo matatizo ambayo hayaonekani mikononi wala miguuni, ambayo hujitokeza mtoto anapoingia darasani: kutotulia, uzito katika hesabu, kusahau maagizo yenye hatua tatu, mwandiko usiokubali kufuata mstari. Nimefundisha kwa miaka 14, na nikikumbuka baadhi ya wanafunzi niliowaita wavivu, najiuliza walizaliwa na wiki ngapi. Sikuwahi kuuliza. Siku hizi mzazi akija kunilalamikia kwamba mtoto ana akili lakini hatulii, hilo ni miongoni mwa maswali yangu ya kwanza, na mara kadhaa nimemwona mama akinyamaza, kisha akaanza kunisimulia habari za inkubeta kana kwamba ni jana.

Mama mkwe hajaacha kumwita mashoto. Zamani lilinichoma, kisha akaja likizo ya Desemba, nikamkuta amekaa naye uani, soksi yake mwenyewe ya sufu akiwa amemvisha mjukuu mkono wa kushoto, wakichambua ndengu pamoja, punje moja moja, kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyemwagiza.

Miadi yetu ijayo ni Januari, tena juma la kufungua shule. Nimeshaandika barua ya kuomba ruhusa, na mwalimu mkuu ameitia sahihi.